Mheshimiwa Aliyeokotwa Bondeni

Nchi ninayoisema haimo kwenye ramani, kwa hiyo asije mtu akanishika shati kuniuliza ubalozi wake uko mtaa gani. Aliyekwenda huko alirudi, aliporudi akanisimulia, na mimi chumvi nimeipunguza kadiri nilivyoweza. Ukiona kitu kinafanana na cha kwenu, samehe. Nchi hufanana kama watu wanavyofanana, na hakuna mahakama inayomshtaki mtu kwa kufanana na shemeji yako.

Basi katika mji mkuu wa nchi hiyo kulikuwa na Mtaa wa Biashara, na katika mtaa huo alikuwepo mwanamke anaitwa Bi Somoe, mwenye mkokoteni wa magurudumu mawili. Miaka kumi na tisa alipita kila asubuhi, duka hadi duka, akichukua kile ambacho wenyewe hawakitaki. Maganda ya viazi ya hotelini yalikwenda kwa wafuga nguruwe. Mafuta yaliyochoka kukaangia chipsi yalikwenda kwa wapika sabuni. Maboksi yalikwenda kwa watengeneza trei za mayai, vumbi la mbao likatandikwa kwenye mabanda ya kuku, chupa zikarudi kiwandani. Ikifika saa nane mchana mkokoteni ni mtupu, umefagiliwa, umefungwa kwa mnyororo kwenye mlingoti wa taa, na mtaa ni msafi mpaka unaweza kumtandikia mgeni mkeka barabarani.

Hakuna aliyejua kwamba huo ulikuwa mfumo. Watu walidhani ni Bi Somoe tu.

"Bi Somoe, leo nina ndoo mbili za maganda!" alikuwa akipiga kelele Bwana Zavery, mwenye hoteli ya chipsi.

"Mbili? Si jana ulisema biashara mbaya?"

"Mbaya kweli. Viazi vya safari hii ni maganda matupu, ukimenya hukuti kitu ndani."

Maisha yakaenda hivyo, mpaka serikali ikaja kuyasaidia.

*

Nchi hiyo ilikuwa na Wizara ya Taka, Usafi na Mambo Yanayofanana na Hayo. Waziri wake aliitwa Mheshimiwa Daktari Pelegrini Mandondo. Udaktari wake haukuwa wa dawa wala wa vitabu. Alipewa na chuo kimoja alichokifungua kwa kukata utepe.

Mheshimiwa alisafiri kwenda nchi za baridi, kwenye mkutano wa siku tatu kuhusu ukusanyaji endelevu wa taka za biashara. Hotuba zilitolewa kwa lugha asiyoielewa, ila chakula alikielewa vizuri. Alirudi na mfuko wa kalamu, picha aliyopiga amekumbatia pipa, na neno moja: uendelevu. Alishuka nalo ndegeni akiwa bado amevaa koti la manyoya, jasho linamtiririka, na hapo hapo uwanjani akahutubia.

"Ndugu wananchi! Huko nilikotoka, taka zinaendelea! Sisi hapa kwetu, taka zinakwisha! Pita Mtaa wa Biashara saa nane mchana, utaona nini? Huoni kitu! Ni aibu! Wageni watasema taifa hili halizalishi!"

Wananchi wakapiga makofi, kwa sababu askari walikuwa wakiwaangalia mikono.

Ukatangazwa mpango. Kila biashara itatia taka zake kwenye mifuko saba ya rangi saba. Mifuko itachukuliwa na kampuni moja tu, Kijani Kibichi Daima, ambayo kwa bahati ya ajabu ilikuwa ya shemeji yake Mheshimiwa, kaka wa mkewe. Mchapaji alipoleta mfano wa mfuko, ulikuwa na picha ya jani.

"Hili nini?" Mheshimiwa akauliza.

"Jani, Mheshimiwa. Alama ya mazingira."

"Jani nani analijua? Jani litapigiwa kura?"

Ndipo ikachapwa sura yake mwenyewe kwenye kila mfuko, kubwa kama sinia la pilau, akitabasamu mpaka magego yanaonekana. Ikumbuke sura hiyo. Tutaihitaji.

*

Siku ya uzinduzi askari walikwenda kuufungua mkokoteni wa Bi Somoe pale mlingotini, wakauburuta hadi jukwaani. Bi Somoe akaja nyuma yake mbio, kanga imefungwa kiunoni.

"Mama, jina lako nani?" Mheshimiwa akamuuliza kwenye kipaza sauti.

"Somoe binti Likwata."

"Una shahada yoyote ya taka?"

"Sina, Mheshimiwa. Nina mkokoteni."

Jukwaa zima likacheka. Mheshimiwa akacheka wa mwisho, ili akumbukwe zaidi.

"Huu si mkokoteni, ni fedheha yenye magurudumu! Leo tunaizika."

Akakabidhiwa msumeno uliofungwa utepe kwenye mpini. Alikwaruza mara tatu kwa ajili ya kamera, kisha fundi akamalizia. Bi Somoe akamshika mkono wa koti.

"Mheshimiwa, huo ndio unaonilisha, mimi na wajukuu wanne. Nichukue nini sasa?"

"Mama," Mheshimiwa akasema, na kipaza sauti kikiwa wazi, "hata wewe mwenyewe ni taka ambayo haijachambuliwa. Kaa pembeni, tukutafutie rangi."

Wakacheka tena. Vipande vya mkokoteni vikatiwa kwenye mfuko mwekundu, Mfuko Namba Moja wa taifa, ukafungwa kwa heshima zote huku bendi ikipiga.

Bi Somoe hakulia. Hakutukana. "Sawa, Mheshimiwa," alisema. "Nitaisubiri hiyo rangi." Akaenda zake. Wanaomjua walisema ni afadhali angetukana.

*

Uendelevu ukaanza. Kila biashara iliamriwa ijaze mifuko yote saba kila wiki, na asiyejaza aliitwa mhujumu wa taka, akafungiwa duka.

Sasa fikiria. Bwana Zavery anauza chipsi, vumbi la mbao atalitoa wapi? Ikabidi kila Ijumaa akate benchi moja la wateja kwa msumeno, mpaka watu wakawa wanakula wima kama farasi. Fundi seremala wa jirani, ambaye tangu azaliwe hali mayai, alikuwa akinunua trei nzima na kuyavunja apate maganda. Kinyozi alimnyoa mtu asubuhi, akamsihi arudi jioni amnyoe tena. Mwenye duka la dawa alimwaga dawa ya kikohozi mtaroni ili apate chupa tupu, na kwa miezi miwili hakuna mbwa wa mtaa ule aliyekohoa.

Takwimu za taka zikapanda mara tatu. Mheshimiwa alizisoma redioni kwa sauti ya mtu anayetangaza mavuno.

Na mifuko ya rangi saba ilipakiwa kwenye lori moja, kwa sababu lori lilikuwa moja. Dereva alipoulizwa mbona anachanganya, alijibu kwamba rangi zinachambuliwa huko mbele. Huko mbele palikuwa Bondeni, nyuma ya nyumba ya Bi Somoe. Lori liligeuza makalio, likamwaga, likaondoka.

Bi Somoe alikaa mlangoni kwake kila siku akimenya mihogo na kutazama. Bonde lilijaa Mheshimiwa. Pengine amelala chali, pengine kifudifudi, pengine amebanwa na mwenziwe, na kuku wamemkalia usoni, na kote anatabasamu.

Bwana Zavery alikuja kumjulia hali, akaziba pua. "Dada yangu, huna hasira? Wamekunyang'anya kazi, sasa wanakumwagia uchafu uani!"

"Ninayo."

"Mbona umetulia?"

"Nasubiri bonde lijae."

*

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Miaka sita kabla, Mheshimiwa Mandondo akiwa bado mbunge wa kawaida, alinunua karanga njiani. Akakuta zimefungwa kwenye kipande cha gazeti chenye picha yake, na mafuta ya karanga yamemwingia jichoni. Hakulala. Wiki ile ile alipeleka bungeni Sheria ya Heshima ya Sura, na wabunge wote wakaipitisha, kila mmoja akifikiria sura yake.

Sheria ilisema: kitu chochote chenye sura ya kiongozi hakitatupwa, hakitachomwa, hakitazikwa, wala hakitakaliwa. Atakayekiokota lazima akirudishe kwa mwenyewe, kwa miguu, amekishika kwa mikono miwili. Akifika apige saluti na kusema, "Mheshimiwa, nakurudishia wewe mwenyewe." Naye kiongozi atakipokea akiwa wima, koti limefungwa vifungo vyote, na kujibu: "Nimejipokea." Kisha atakihifadhi maisha yake yote. Na kama ni mfuko, hakuna mwingine anayeruhusiwa kuufungua, kwani huko ni kumvua kiongozi nguo.

Wauza karanga wa nchi ile waliijua sheria hiyo kwa moyo. Bi Somoe naye aliijua, maana kwa miaka kumi na tisa alikuwa akipokea magazeti ya zamani.

Bonde lilipojaa, alioga, akavaa kanga mpya, akaenda kituo cha polisi. Zamu ilikuwa ya Sajini Mtauka, mtu mnene mpole, anayependa siku zipite bila kumgusa.

"Afande, nimekuja kuripoti. Nimeokota mtu."

"Mzima au maiti?"

"Ni Waziri."

Kalamu ikamwanguka. "Waziri? Yuko wapi?"

"Bondeni. Ametupwa."

"Mungu wangu! Anapumua?"

"Anatabasamu."

"Yuko na nani huko?"

"Yuko mwenyewe. Wako kama elfu nne hivi."

Sajini akaiokota kalamu. Alikuwa ameelewa, na alikuwa akitamani asingeelewa. Akafunga dirisha la kaunta taratibu. "Bi Somoe, mama yangu, nenda nyumbani. Mimi sijakuona."

"Kifungu cha tisa, Afande," sauti ya Bi Somoe ikaja kupitia mbao. "Askari atakayepewa habari kwamba kiongozi ametupwa, naye asichukue hatua..."

"Miaka kumi," Sajini akamalizia, kama anayesoma jina lake kwenye kaburi.

"Halafu dirisha umelifunga umechelewa. Hawa walio kwenye foleni wote wamesikia. Nao wana kifungu chao."

Kwenye foleni walikuwemo watu kumi na mmoja, na Bwana Zavery akiwa wa pili, sijui alifuata nini.

*

Kesho yake asubuhi Mheshimiwa Mandondo alikuwa bustanini kwake na wageni watatu kutoka nchi za baridi. Walikuwa wamekuja kumtunuku jani la kioo, zawadi ya mwaka ya uendelevu. Ndipo filimbi ikalia getini.

Sajini Mtauka aliingia kwa mwendo wa gwaride. Nyuma yake alikuwa Bwana Zavery, amevaa suti yake ya harusi, mikononi mfuko wa njano wenye vichwa vya samaki vya wiki tatu. Nyuma ya Zavery alikuwa seremala. Nyuma ya seremala, kinyozi. Nyuma ya kinyozi mstari ulikwenda mpaka Mtaa wa Biashara, ukakata kona, ukateremka hadi Bondeni, ambako Bi Somoe alikuwa akiwapangia watu zamu.

"Mheshimiwa," Zavery akasema, amepiga saluti kwa kiwiko maana mikono imeshika mfuko, "nakurudishia wewe mwenyewe."

"Wendawazimu gani huu? Sajini! Toa hawa watu!"

"Kifungu cha saba, Mheshimiwa. Naomba usimame wima."

"Wapokee walinzi!"

"Mwenyewe, Mheshimiwa. Na kifungo cha tatu cha koti kiko wazi."

"Nani aliandika upuuzi huu?"

Sajini akafunua ukurasa wa mwisho wa kijitabu. "Ni wewe, Mheshimiwa. Na hapa umeweka picha."

Maji ya samaki yalikuwa yanadondoka kwenye viatu. Mheshimiwa akafunga kifungo cha tatu, akanyoosha mikono yote miwili.

"Nimejipokea," alinong'ona.

"Sauti, Mheshimiwa. Wa nyuma hawajasikia."

"NIMEJIPOKEA!"

Filimbi. Wa pili.

Wageni walimuuliza mkalimani ni sherehe gani hiyo. Mkalimani alikuwa mtu wa serikali, akajibu kwamba wananchi wanampenda Waziri wao kiasi kwamba hawawezi kukaa naye, lazima wamrudishe. Wageni wakaandika. Mfuko wa arobaini ulipopasukia miguuni pao, ukamwaga chipsi, nywele na chupa za kikohozi vikiwa pamoja, waliangaliana. Wakaondoka na jani lao.

Kazi ilichukua siku tano. Mheshimiwa alijipokea asubuhi, alijipokea adhuhuri, alijipokea na mvua. Mifuko ikajaa sebule, ikajaa vyumba, ikapanda ngazi. Shemeji mwenye kampuni aliposikia anatafutwa kwa kosa la kumtupa kiongozi mara elfu nne, alivuka mpaka na lori lake. Siku ya tatu mkewe Mheshimiwa alishuka na sanduku kichwani.

"Mama Justi, na wewe unaniacha?"

"Baba Justi, mimi niliolewa na wewe mmoja."

*

Msidhani hakujitetea. Alikwenda bungeni na muswada wa kuifuta ile sheria. Lakini kwa desturi ya bunge lile, muswada wowote una picha ya mwenye kuuleta kwenye jalada, na Mheshimiwa alikuwa amechagua ile anayotabasamu. Spika alinyoosha mkono kuupokea. Akaitazama picha. Akateremka kitini, akaushika muswada kwa mikono miwili, akapiga saluti.

"Mheshimiwa, nakurudishia wewe mwenyewe."

Bunge zima likasimama. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukaa.

Ikabaki njia moja: afungue mifuko mwenyewe, mmoja mmoja, atoe kilichomo, azikunje sura zake na kuzihifadhi. Lakini kilichomo akipeleke wapi? Wafuga nguruwe walikataa. Walisema maganda yaliyochanganyika na nywele nguruwe wao hawayali. Wapika sabuni walikataa. Wa trei za mayai walikataa. Wote walimwambia jambo moja: sisi huletewa na Bi Somoe, vimechambuliwa.

Akatumwa Sajini Mtauka kwenda kumwita.

*

Bi Somoe alikuja na kigoda chake na mfuko mwekundu aliouokota Bondeni. Akaweka kigoda uani, kwenye upande usio na harufu, akaketi. Mheshimiwa alikuwa amesimama katikati ya mlima wake, suti imepata rangi zote saba.

"Mama, nisaidie. Nitakupa unachotaka."

"Fungua mfuko."

"Nilitaka wewe..."

"Mimi siwezi kukuvua nguo, Mheshimiwa. Fungua."

Akafungua. Akatoa ganda la yai kwa vidole viwili.

"Hilo huku. Hizo nywele kule. Chupa ioshe kwanza. Siyo hivyo, ingiza mkono! Hao samaki walikuumiza nini? Washike."

Alichambua kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana. Akikosea, Bi Somoe anamrudisha mwanzo. Akikaa juu ya mfuko, Sajini anamwonyesha kifungu. Mtaa wa Biashara wote ulikuwa kwenye uzio, Zavery akiuza chipsi, na wateja hawakulalamika kula wima, maana ukikaa usingeona vizuri. Siku ya pili akachambua. Siku ya tisa akachambua. Kila jioni Bi Somoe alipeleka kwa kichwa, beseni kwa beseni, kile kilichochambuliwa vizuri, na wenye kukihitaji wakampokea kama zamani. Maduka nayo yalikuwa yameapa kutogusa tena mfuko wa sura; yalimwekea Bi Somoe ndoo zao mlangoni, wazi, bila rangi.

Siku ya kumi alimsukumia Mheshimiwa ule mfuko mwekundu aliokuja nao. Mfuko Namba Moja.

"Mheshimiwa, nakurudishia wewe mwenyewe."

"Nimejipokea," alisema upesi, siku hizo ulimi ulikuwa umezoea. Akafungua. Vikatoka vipande vya mbao, ekseli, magurudumu mawili.

"Hivyo vinakwenda wapi, mama?"

"Vinarudi vilivyokuwa."

Seremala akampa misumari na nyundo kupitia uzio. Mheshimiwa alijigonga kidole gumba mara sita, na kila mara Mtaa wa Biashara ulihesabu kwa sauti. Jua lilipopinda, mkokoteni ulisimama. Ulikuwa umeinama kidogo kushoto, lakini ulisimama.

Bi Somoe aliuzungusha, akausukuma hatua mbili, akausikiliza. Akaweka kigoda chake juu.

"Ngoja, mama! Leseni!" Mheshimiwa akachomoa karatasi mfukoni, alikuwa ameiandaa. "Leseni ya mtaa mzima, maisha yako yote! Ila usiniache. Bado elfu tatu na mia tano, peke yangu nitazeeka humu!"

Bi Somoe alipokea leseni. Akaitazama juu, penye picha. Akaishika kwa mikono miwili, akapiga saluti. "Mheshimiwa, nakurudishia wewe mwenyewe."

Sajini Mtauka akatazama pembeni, akapuliza filimbi.

"Nimejipokea," Mheshimiwa akasema, na safari hii machozi yalimtoka. "Basi nichukue hata mimi. Nipeleke popote. Si uliniambia unaisubiri rangi? Chagua yoyote!"

Bi Somoe akamwangalia kuanzia viatu mpaka utosini, kwa makini, kama alivyoangalia ndoo za watu kwa miaka kumi na tisa. Akatikisa kichwa.

"Mkokoteni huu, Mheshimiwa, huchukua kinachofaa kutumika tena."

Akaugeuza kuelekea getini, akateremka nao Mtaa wa Biashara, Zavery akimpigia kelele za ndoo tatu za maganda. Getini alipishana na kikongwe mmoja kutoka mkoani, aliyetembea siku nne, ameshika kwa mikono miwili kipande cha gazeti chenye mafuta ya karanga.

Sajini alipuliza filimbi. Mheshimiwa alijifuta mikono kwenye suruali, akatafuta kifungo cha tatu.